Mtetemo wa Mhina

Lori lilikuwa limeshaipita Mkata ndipo Kidawa akaacha kuangalia nyuma. Alikuwa amekalia gunia la machungwa, mgongo kauegemeza kwenye gunia jingine, na kwa hesabu ya lori lenyewe naye alikuwa gunia. Shekue ndiye aliyemwandika hivyo asubuhi pale Chanika, Handeni. Lori halikuwa na dereva. Shekue alikuwa mpakizi na mshushaji tu, mtu mzima wa watoto wanne, na kazi yake nyingine ilikuwa kuliambia lori limebeba nini.

"Uzito wako kiasi gani, mama?"

"Sijui mwanangu. Tangu tuhame sijapanda mzani."

"Basi nakuandika machungwa. Ya msimu uliopita, usinikasirikie."

Hivyo ndivyo waliohama walivyosafiri. Kwenye basi abiria alitamka jina lake mlangoni, basi likaijua sauti, likakata nauli, mlango ukafunguka. Kidawa angetamka mpaka koo limkauke. Sauti yake haikuwamo tena mahali popote. Lori lilijua uzito tu, na Shekue alijua kwamba mjane mmoja na mtetea mmoja wa kumpelekea mkewe havivunji sheria yoyote ambayo lori lingeielewa.

Mihayo alikuwa kwenye gunia la pili, kofia kaishusha usoni. Yeye hakuhama kamwe, angeweza kwenda kwa basi.

"Ungekaa kwenye kiti kama watu, mpagazi wewe," Kidawa alimwambia.

"Nikuache peke yako na machungwa, shemeji? Wazigua na njaa nawajua. Babu yangu alimnunua babu yako kwa pishi ya mtama."

"Akamnunua halafu akambeba mgongoni, maana Mnyamwezi hajui kazi nyingine."

Shekue alicheka mpaka akashika kamba ya turubai. Utani wa Mzigua na Mnyamwezi ni wa zamani kuliko barabara ile, na Mihayo alikuwa mtani wa nyumba ya Kidawa tangu alipohamia Handeni na mashine yake ya kukoboa. Lakini leo walitaniana kama watu wanaochota maji kwenye kisima kilichokauka, ndoo inagonga jiwe, wanachota tena. Walikuwa wanakwenda Segera kumrudishia Mwanjaa kazi yake. Mwanjaa alikuwa mtoto wa pekee wa Kidawa, dereva wa treni, na wiki iliyopita kichwa cha treni kilikataa kumfungulia mlango.

*

Kampuni yenyewe iliitwa Jirani. Ilianza kama zinavyoanza zote, kwa kugawa bure: barua bure, picha bure, ramani bure. Baadaye ikashika pesa, halafu zahanati, halafu shule, mizani za korosho, milango ya ofisi. Haikumlazimisha mtu. Ila kila mlango mwingine ulifungwa kwa kukosa wateja, na watu wa umri wa Mwanjaa hawakujua kama kulikuwa na wakati barua zilikuwa za mmoja na pesa za mwingine.

Jirani alisikia na kuona, na katika kusikia na kuona alijifunza kutabiri. Kila ukoo aliupa daraja. Daraja si adhabu, walisema, ni utabiri tu, kama wa mvua. Lakini mtu wa daraja la chini hapewi treni aiendeshe, kama vile mwenye shamba hapandi akiambiwa mvua haiji.

Mume wa Kidawa, Mhina, alikuwa fundi wa kanzu. Siku alipokosa tundu la sindano mara ya tatu alimwangalia mkewe, na mkewe akajua. Baba yake Mhina alikufa kwa mtetemo. Ami yake pia. Ulianza mkononi, ukaingia mguuni, ukapanda kooni, na mwisho mtu hakuweza kumeza uji. Watoto wa mwenye mtetemo, nusu huurithi na nusu huponyoka, na hakuna ajuaye ni nani mpaka miaka arobaini imfikie, maana hata damu huuonyesha kwa aliyekwisha kuanza tu. Ukoo ule ulikuwa haujaandikwa popote, kwa sababu baba na ami walikufa kabla Jirani hajawa na masikio.

"Atanisikia," alisema Mhina. "Hata kama sitakwenda hospitali. Atanisikia nikiitikia salamu sokoni."

"Mwanjaa ndiyo kwanza ameanza masomo ya treni."

"Ndiyo hilo ninalolisema."

Basi wakahama, yeye na mkewe. Sheria iliruhusu. Ila sheria iliruhusu kama mwiba unavyoruhusu kutolewa, kwa kuchimba. Wakaondoa picha kwanza. Halafu barua, na Kidawa akawapoteza nusu ya shoga zake. Halafu ramani, halafu pesa, na tangu hapo Mhina alishona kanzu kwa mahindi na mayai. Sauti na mwendo vilikuwa vya mwisho. Ilichukua zaidi ya mwaka, fomu kwa fomu, na siku walipomaliza Mhina alisema amejisikia kama mtu aliyetoka kwenye nyumba yenye redio isiyozimwa.

Mwanjaa hakuhama. Asingeweza, treni ni ya Jirani. Alikuja nyumbani mara chache, akaacha simu yake kwa Mihayo mashineni, na alimwambia mama yake wazi: akifika miaka thelathini na mitano atashuka mwenyewe kwenye treni, awe anatetemeka au hatetemeki, hataki kuua watu. Ila apewe miaka yake hiyo. Mzee wake alitoka kila mahali ili yeye aipate.

Miaka mitatu Mhina alitetemeka ndani ya ua wake mwenyewe, bila mtu kumhesabu. Mihayo alikuja kila alasiri, akamshikia kikombe.

*

Kosa lilitokea siku ya kumaliza matanga ya Mhina, na lilitokea katikati ya watu waliokuwa makini.

Kidawa alikuwa amesimama mlangoni na tenga. Kila aliyeingia alitia humo simu, saa, miwani, hata hereni za yule binti wa Misima zilizokuwa zinazungumza. Hakuna aliyenuna. Walijua nyumba ile imehama. Tenga likafunikwa na kanga tatu likapelekwa kwa jirani wa kweli, yule wa nyumba ya pili.

Lakini hakuna msiba bila vitu vya chama cha kuzikana. Turubai ni la chama, masufuria ni ya chama, majamvi ni ya chama, na kipaza sauti cha kusomea khitima ni cha chama. Vililetwa kwa mkokoteni kama vinavyoletwa kwenye kila msiba, vikafungwa na vijana wale wale. Kipaza sauti kilikuwa kipya mwaka ule. Kilikuwa na jicho dogo kwenye shingo yake, ili ndugu walioko mbali waone dua. Kidawa alikipita mara kumi akibeba mabakuli. Nani anakiuliza kipaza sauti cha chama wewe wa nani?

Khitima ikaisha, watu wakala, na baada ya kula watani wakafanya kazi yao. Mihayo aliingia chumbani, akatoka amevaa kanzu ya Mhina, kofia ya Mhina, na fimbo ya Mhina mkononi. Kabla hajafungua mdomo watu walishaanza kushika mbavu. Alitembea kama Mhina, ule mguu wa kulia unaotangulia halafu unasita kama umesahau kitu. Alibeba kikombe cha chai kwa mkono unaocheza, chai ikamwagika kwa namna ile ile, kidogo kidogo kuelekea kiwiko. Halafu akakishika kipaza sauti, maana hakuna mtani aliyewahi kukipita kipaza sauti.

"Nimerudi," alisema kwa sauti ya Mhina, sauti ile ya mwisho, iliyokuwa inapanda na kushuka kama mtu aliye kwenye baiskeli ya barabara mbovu. "Nilitoka kidogo tu, nikakuta huko hakuna mteja wa kanzu. Mnalia nini? Nani kawapa wali wangu? Fungueni milango, vyangu vyote vichukueni, msifiche kitu. Ila mke wangu mwacheni, nimeshampa Mnyamwezi."

Wakacheka mpaka wakalia, na ndiyo maana ya watani kuwapo. Kidawa naye alicheka. Alicheka akaegemea nguzo, ikawa mara ya kwanza tangu kuzika, na alipofuta macho alihisi kifua kimekuwa chepesi. Shangazi mmoja alimshika mkono akamwambia, "Umemwona? Ni yeye mtupu."

Ni yeye mtupu. Na Jirani naye, kwenye shingo ya kipaza sauti, alisema hivyo hivyo.

*

"Kalunde umemwambia?" Kidawa aliuliza.

Lori lilikuwa limesimama Kabuku. Lilikuwa linajichaji, na Shekue alikwenda kununua muhogo wa kuchoma. Mihayo alimenya chungwa polepole, ganda lote bila kulikata.

"Nimwambie nini?"

"Unachokwenda kukifanya."

"Mimi nakwenda kuangalia mji, shemeji. Segera sijafika siku nyingi."

"Mihayo."

Alipomwita jina, bila utani, mzee aliliweka chungwa chini.

Kalunde alikuwa mjukuu wake, mtoto wa marehemu binti yake, na ndiye peke yake aliyebaki naye. Alikuwa amepata nafasi chuo cha ukunga, anasubiri muhula ufunguliwe. Kidawa alimjua tangu akiwa anabebwa. Mikono yake midogo, mikavu, ilimsuka Kidawa nywele siku ya tatu ya eda, bila kuombwa.

Siku Mwanjaa alipokuja nyumbani na sare yake kwenye mfuko, akaeleza kwamba Jirani amemsikia baba yake akirudi, akamwona anatetemeka, na ukoo mzima umeshushwa daraja, Mihayo alikuwepo. Alikaa kwenye kigoda akaangalia mikono yake yote miwili kama mikono ya mtu mwingine. Asubuhi yake akaja na mpango. Jirani ana mtetemo mmoja na hajui kwa hakika ni wa nani. Aambiwe ni wa Mihayo.

"Mtani anamzika mtani wake," alisema sasa. "Anafua nguo zake, anabeba aibu yake. Mimi aibu ya Mhina niliibeba, halafu nikaiangusha sokoni watu wote wakaiona. Nani aiokote?"

"Na Kalunde? Mkunga mwenye ukoo wa mtetemo, watampa mtoto wa nani ashike?"

"Kalunde ana akili. Atapata lingine."

"Mwanjaa naye ana akili."

Mihayo akaliokota chungwa lake. Kidawa alijua kwamba hapa ndipo alipotakiwa kusema turudi. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Alilitafuta, akaliona, na akaona nyuma yake Mwanjaa amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu vya kazi bado miguuni, anauliza, "Mama, baba alihama ya nini sasa?" Shekue akarudi na muhogo kwenye gazeti, akawagawia, na lori likaanza kutembea bila kumuuliza mtu.

*

Nyumba ya Masahihisho ya Segera ilikuwa jengo la chini, jeupe, kando ya njia panda. Ndani kulikuwa na viti, feni, na mwanamke wa Kipare aliyeitwa Tumsifu, mwenye uso wa mtu aliyezoea kuwaomba radhi watu kwa makosa asiyoyatenda.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Karibuni, kaeni."

Kidawa akatoa cheti cha kifo. Tumsifu akakisoma, akakionyesha kioo kilichokuwa mezani, akasubiri.

"Kifo kimepokewa," alisema. "Kurudi kwake kumefutwa. Poleni sana."

"Basi imekwisha," alisema Kidawa.

"Bado, mama." Tumsifu akavuta kiti karibu. "Naomba nieleze pole pole. Mtu akihama, Jirani anafuta vyake vyote. Hilo ni kweli, nimeona kwa macho yangu, havimo. Lakini akishafuta kila kitu, kesho mtu huyo akipita sokoni atamsikia upya na kumchukua upya. Kwa hiyo anabakisha kitu kimoja cha kumjulia, ili amwepuke. Ni kama mtu ametupa ufunguo, kitasa kikabaki. Kitasa hakiwezi kukuchorea ufunguo ulivyokuwa. Ila ukija nao, kitafunguka."

"Na mimi nikaja nao," alisema Mihayo.

"Ulikuja nao, mzee. Sijawahi kuona."

"Si umwambie huyo Jirani kwamba alikuwa mtani? Huko kwenu Upare hamna watani?" aliuliza Kidawa.

"Tunao." Tumsifu alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likamtoka. "Nimeandika mara tatu, utani wa msibani. Sehemu ya kuandika ipo, lakini hakuna mtu anayesoma. Jirani anaangalia vipimo tu. Mkono, mguu na koo, vyote vilicheza kwa mwendo mmoja. Anasema mtu mzima wa afya hawezi. Akiiga mkono, koo linamsaliti."

"Mimi naweza. Lete kikombe."

"Usifanye humu, mzee. Tafadhali. Ukifanya humu utapimwa tena."

Mihayo akaishusha mikono yake magotini. Alimshikia Mhina kikombe miaka mitatu, alasiri kwa alasiri, mpaka mkono wake ulijua pa kwenda kabla ya wa mwenzake. Kidawa aliwaza kwamba hakuna mtu duniani aliyempenda Mhina kwa makini namna ile, na kwamba ni hayo makini ndiyo yaliyokuwa yanapimwa.

"Sasa sikilizeni," alisema Tumsifu kwa sauti ya chini, ingawa chini au juu humo ndani ilikuwa mamoja. "Mtetemo hauwezi kukaa bila mwenyewe. Waliotambuliwa pale ni wawili, marehemu na wewe mzee. Ukipimwa damu ikaonekana huna, unarudi kwa marehemu, na kwa mtoto wake. Kukataa kupimwa ni haki yako, ila ukishakataa hupimwi tena. Ukikataa, na shahidi wa nyumba ile akathibitisha kwamba ni wako, unakuwa wako."

"Nakataa kupimwa," alisema Mihayo. "Ni wangu."

"Na wa wajukuu wako, mzee. Nisipokwambia hilo nitakuwa nimekudanganya."

"Nimesikia."

Wote wawili wakamgeukia Kidawa.

"Hatuna sauti yake ya kweli mahali?" aliuliza. "Mhina mwenyewe. Nikawaonyesha huyu ni huyu na yule ni yule?"

"Mama, ungekuwa nayo, ingekuwa inatetemeka."

Ilikuwa kweli. Mhina alijifuta vizuri mno. Katika dunia nzima kitu pekee kilichobaki kusema kwamba aliwahi kutembea na kuongea kilikuwa mzaha wa Mihayo, na mzaha ule ulikuwa unasema ukweli.

"Halafu kuna jambo jingine," alisema Tumsifu, na sasa hakumwangalia. "Neno la asiye na sauti halipokewi. Ili ushuhudie itabidi urudi kwanza."

"Nirudi kwa Jirani."

"Ndiyo, mama."

"Nikishashuhudia nihame tena?"

"Anayerudi hahami mara ya pili. Ni kifungu cha nyuma, wengi hawakioni."

Feni ilizunguka. Nje lori la mtu lilipiga honi njia panda. Kidawa alimtazama Mihayo, na Mihayo akamtazama yeye kwa uso uliokuwa wazi kabisa, hauna mzaha, hauna ombi. Angeweza kusema ukweli, mtetemo ni wa mume wangu, Mnyamwezi huyu ni mzima kama kinu. Mwanjaa angekaa jukwaani akiangalia treni za wenzake zikipita. Angeweza kunyamaza. Alimuuliza Tumsifu kunyamaza kunahesabiwaje, akaambiwa kunahesabiwa kwa marehemu. Aliwaza kuhusu Kalunde, ambaye saa ile pengine alikuwa anafua au anaimba, na ambaye hakuna aliyemuuliza. Kumuuliza kulikuwa rahisi, Mihayo alikuwa na simu mfukoni. Kidawa aliliona hilo vizuri, na hakulisema.

"Nimerudi," aliuambia ukuta.

"Karibu, mama Kidawa." Sauti ilikuwa ya kike, ya pwani, ya mtu aliyekwisha kukutandikia jamvi. "Tumekukosa muda mrefu. Mtetemo uliosikika kwenye matanga ya Mhina ulikuwa wa nani?"

"Wa Mihayo."

"Asante. Nimekusikia."

Tumsifu alikiangalia kioo. Kidawa aliuona uso wake ukibadilika kabla hajasema.

"Nini?"

"Amelipokea." Alikisoma tena kioo. "Lakini huna siku za nyuma, mama. Amekujua sasa hivi. Neno lako amelipa uzito wa mtoto mchanga. Anasema halitoshi kuuondoa mtetemo kwa marehemu, ila linatosha kuuongeza kwa mzee."

"Maana yake?"

"Ameuweka kwa wote wawili. Koo zote mbili. Mpaka ithibitike."

"Ithibitike vipi?"

Safari hii ulijibu ukuta, kwa upole ule ule. "Kwa kusubiri, mama."

Kidawa alisimama. Akakaa. Alisema analirudisha neno lake, aliongopa, mzee huyu hana kitu, na Jirani akamshukuru, akasema amemsikia, akalipa neno hilo nalo uzito wa mtoto mchanga. Alilisema tena kwa nguvu. Tumsifu akaja akamshika bega, akamwambia taratibu, "Basi mama. Kila unaposema anakujua zaidi, na anajua unasema vitu viwili."

"Wewe ungefanya nini?"

"Mimi? Mimi nasoma tu kilichoandikwa, mama. Tangu nianze kazi hapa sijawahi kumwona anayeandika."

*

Nje jua lilikuwa kali. Walisimama kwenye kivuli cha kibanda cha vocha za zamani kilichogeuzwa cha chipsi.

"Mtani, nisamehe," alisema Kidawa.

"Watani hawaombani msamaha, shemeji. Wanatozana kuku." Alisema vizuri, kwa sauti yake mwenyewe, lakini hakumalizia kwa cheko. "Na wako umeshampa Shekue."

Simu ikalia mfukoni mwake. Akaitoa, akaishika mbali na macho kama wazee wanavyofanya. Ilikuwa Kalunde. Iliita mpaka ikanyamaza, ikaita tena. Mihayo aliishika kwenye kiganja, na kiganja kilikuwa kimetulia kabisa.

"Pokea," alisema Kidawa.

"Nitamwambia nini?"

Basi la Handeni lilikuja likasimama mbele yao. Kidawa hakuwa amelipungia mkono. Mlango ukafunguka wenyewe, likamwita jina.

*

Shekue aliendelea na lori la machungwa mpaka lori lilipopewa mikono ya kujipakulia. Sasa anafuga kuku Kwamsisi.

Tumsifu alihamishiwa Same. Nyumba ya Segera ilifungwa, masahihisho yanafanyiwa mtu alipo.

Chuo cha ukunga kilimwandikia Kalunde kwamba nafasi yake imesitishwa mpaka ithibitike. Alimwuliza babu yake, na babu yake akamweleza yote, pamoja na la Kabuku. Kalunde alikwenda Urambo kwa upande wa baba yake. Anazalisha wanawake majumbani bila kibali, na mara moja amefungwa kwa ajili hiyo. Hakurudi Handeni.

Mihayo aliuza mashine ya kukoboa. Alikufa miaka sita baadaye kwa homa ya mapafu. Mikono yake haikuwahi kutetemeka, lakini kufa kwake bila kutetemeka hakukuthibitisha kitu, kwa kuwa wapo wanaokufa kabla ya kuanza.

Kidawa alipeleka ombi la kuhama mara nne. Majibu yote manne yalikuja kwa upole. Anaishi Chanika, kwenye ua ule ule. Jirani humkumbusha dawa ya presha na humsalimia asubuhi. Haendi kwenye matanga ya watu.

Mwanjaa ana miaka arobaini na saba. Anakata tiketi kituo cha Korogwe na kupeperusha bendera treni zinapoondoka. Mikono yake imetulia.